Watu Wasiogombana

Mwende, mama,

Umeenda kusukwa, na kwa wingi wa nywele zako najua hutarudi kabla ya jioni. Nimechukua daftari lako la zamani la sayansi, lile lenye kurasa tupu nyuma, nimekaa mezani. Mwandiko unisamehe. Niliacha shule darasa la sita, na tangu siku hiyo mkono huu umeshika nyundo kuliko kalamu.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji ama kufunga mlango. Wewe ndiye muuguzi, hayo utanifundisha wewe. Ninaandika kwa sababu ya ile simu uliyonionyesha tukila chakula cha mchana.

"Baba, ona vile watu ni wazuri," ulisema. Ukanisomea ujumbe wa huyo Dada Faith, ambaye hujawahi kumwona kwa macho, ati alipewa namba yako na mtu wa kliniki unayoenda kufanyia kazi. Kesho ukifika Rombo watakupokea steji. Wako na chumba, ukae tu mpaka utulie. Usibebe hata sufuria, kwa sababu huko ni nyumbani.

Nikaacha kula. Ukafikiri ni huzuni ya kubaki peke yangu, ukanicheka. "Wewe nawe, Baba! Si nitakuja Krismasi?"

Haikuwa huzuni. Niliogopa. Hayo maneno ya sufuria niliyasikia miaka kumi na mitatu iliyopita, hapa hapa Kitengela, mbele ya nyumba hii.

Huenda Faith na wenzake ni watu wazuri tu. Lakini hata wale wangu walikuwa wazuri. Anza kunisikiliza hapo.

Unajua kwamba tuliwahi kuwa katika Jamaa, lile kundi la dini, na unajua kwamba mama yako bado yuko nao kule Kona Baridi. Hujui tuliingiaje. Hukuniuliza, na mimi nilifurahi kwamba hukuuliza. Watu wakisikia habari kama hizi kwenye redio husema walioingia ni wajinga, ama wavivu, ama wenye tamaa ya miujiza. Hata kule kwenye machimbo ya mawe wenzangu husema hivyo huku nimekaa nao nakula. Mimi nakataa. Mama yako alikuwa na akili kuliko mimi. Mimi nilikuwa mtu wa kazi, sikuwa natafuta muujiza wowote. Nilikuwa natafuta watu wa kunishikia mabati.

Ulikuwa na miaka tisa. Upepo wa uwanda huu uling'oa paa letu lote, mabati yakalala kwenye shamba la jirani kama karata. Mvua ilikuwa karibu. Kwetu Makueni jambo kama hilo si jambo. Unapeleka habari kwa majirani, siku inapangwa, mwethya unakuja: watu wanakuja na mikono yao, wanakuezekea, unawapikia, wanaenda. Kesho paa la mwingine likianguka nawe unaenda. Hakuna anayekataa mwethya. Mtu aliyekula kwako wakati wa shida yako, ukimkatalia naye akiwa na shida, jina lako linaoza.

Lakini hapa si kwetu. Hapa kila mtu anauza siku yake. Niliwaomba watu wa machimbo, wakaniambia Jumapili ijayo, na Jumapili ikaja wakaniambia ijayo. Siwalaumu. Nami nilikuwa nikiwaambia wengine vivyo hivyo. Tulilala chini ya karatasi ya nailoni siku tisa.

Jumamosi asubuhi nikasikia kuimba. Nikatoka nje, nikaona watu kumi na wanne, wanaume kwa wanawake, wamebeba mabati mapya badala ya yangu yaliyopinda, misumari, mbao na sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi ya kukoboa ya kwetu. Mbele alikuwa Kimeu, ambaye nilikuwa nikichonga naye mawe na ndiye aliyewaambia. Mama mmoja mnene akamwambia mama yako, "Mama Mwende, leo usiguse hata sufuria. Kaa na mtoto. Huu ni mwethya."

Mwende, nililia. Mwanaume mzima, mbele ya watu. Sikuwa nimesikia neno hilo likisemwa kwa upole tangu nitoke nyumbani. Na mtu aliyekuwa akibeba maji, akipanda na kushuka bila kusema kitu, ndiye waliyemwita Mwalimu. Jioni paa lilikuwa limekamilika. Hakuna aliyetaja Mungu siku hiyo. Hawakuomba kitu. Walikunywa chai wakaenda.

Jumamosi iliyofuata Kimeu aliniambia, "Leo tuko kwa mjane mmoja, tunachimba choo. Unakuja?" Ningekataaje? Walikuwa wamekula kwangu.

Niliingia hivyo. Sikuingia kwa mahubiri. Niliingia kwa adabu niliyofunzwa na mamangu, yule ambaye wewe umebeba jina lake, na ndiyo sababu nakuita mama.

Umeniona nikipasua jiwe. Jiwe kubwa halipasuliwi kwa nguvu. Unachora mstari, unatoboa vitundu juu ya mstari, unaweka kabari kila kitundu. Halafu unagonga ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, mpaka mwisho, unarudi mwanzo. Ukigonga moja kwa hasira, jiwe linaharibika. Ukiwa na subira utasikia sauti ndogo, kama mtu anayesafisha koo, na jiwe limejifungua lenyewe. Hata ungeliuliza, halingekuambia ni pigo gani lililolipasua.

Nami siwezi kukuambia ni siku gani. Kwanza ilikuwa kazi ya Jumamosi. Halafu baada ya kazi kukawa na somo fupi, na ni aibu kuondoka watu wakiwa wamekaa. Halafu Jumatano pia. Redio ikazimwa, kwa sababu ilikuwa inaleta habari za hofu, na kweli ilikuwa inaleta. Kanisa letu la zamani tukaliacha, kwa sababu huko hakuna aliyekuja tulipolala chini ya nailoni, na kweli hakuna aliyekuja. Unaona? Kila neno lilikuwa na ukweli ndani yake. Ningepewa uongo mtupu ningeutema.

Halafu mamangu akafa. Ndugu yangu alipiga simu Alhamisi, mazishi ni Jumamosi. Nikaenda kwa Mwalimu kumuaga. Hakunikataza. Mwalimu hakuwa mtu wa kukataza. Alinishika mkono, akaniambia kwa sauti yake ya chini, "Nenda, Baba Mwende. Sisi tutabaki na kazi. Ulipolala nje, ndugu yako alikuwa wapi?"

Sikuenda. Mamangu alizikwa na wanawake wa mwethya wake na watoto wake wote isipokuwa mimi. Jumamosi hiyo nilikuwa nachimba shimo la maji taka kwa mtu nisiyemjua jina, na nilikuwa naimba. Hilo ndilo linaloniamsha hata leo. Si kwamba nilichimba. Ni kwamba nilikuwa naimba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, kabla mkono haujachoka.

Ulipokuwa na miaka kumi, baada ya mimi kukutoa shule, ulishikwa na homa ya mapafu. Wewe husema kwamba mimi ndiye niliyekubeba hadi hospitali. Umewaambia rafiki zako hivyo. Ulisema hivyo siku ya kuhitimu, mbele ya watu, ukaniita nisimame nipigiwe makofi, nami nikasimama. Mwende, si mimi.

Wakati huo Jamaa ilikuwa imeshaacha hospitali. Kadi zetu za kliniki tulizichoma wenyewe, kwa furaha. Siku ya kwanza ya homa mama yako alichukua leso akakufunga mgongoni ili akupeleke. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia imani yake ni nyembamba kama chapati ya hoteli. Nikacheka. Akakufungua, akakulaza.

Siku ya tatu ulikuwa ukivuta pumzi kama msumeno. Nilikuwa nimefunga, sijala, nimekaa kando yako nikiomba, na naapa nilikuwa nakupenda. Usidhani mtu wa namna hiyo hana mapenzi. Mapenzi ndiyo yaliyonifanya nisile.

Hapo ndipo Yeyo akaingia. Yeyo wa ng'ambo ya barabara, Mungu amlaze pema, mama yetu wa Kimaasai aliyekuwa akituuzia maziwa. Aliona siku mbili hukuja kuchukua maziwa, akaja kuangalia. Alikutazama mara moja tu. Akakuinua.

Mimi nikasimama mlangoni. Nikaweka mikono huku na huku, hivi. Nikamwambia, "Yeyo, mlaze mtoto. Hili ni jambo la Mungu."

"Baba Mwende, ondoka mlangoni."

"Nikiondoka Mungu ataniuliza."

Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, shingo imejaa shanga, na wewe umening'inia begani kwake kama nguo. Akanijibu, "Akikuuliza, mwambie umevamiwa na Mmaasai. Atakuamini. Ondoka!"

Akanisukuma kwa kiwiko hapa tumboni. Nilikuwa na njaa ya siku tatu, nikaanguka kwenye beseni. Alivuka barabara nawe, akasimamisha gari la kubeba maji, akaenda. Huyo ndiye aliyekubeba. Mimi nilikuwa kwenye beseni.

Yeyo hakukuambia, na alipokuwa akizeeka nilimwuliza kwa nini. Akasema, "Mtoto anahitaji baba. Hata baba wa hovyo." Tukacheka wote wawili, mimi nikiwa na machozi.

Ulipopona, Jamaa walikuja wodini wakaimba. Jumatano Mwalimu aliniomba nisimame mbele ya watu niseme ulivyoponywa na maombi. Alisema kwa upole, kama kawaida. Nikasimama. Sikuwa nimepanga kitu. Nikafungua mdomo, na maneno yaliyotoka ni haya: "Alitibiwa na daktari. Alipelekwa na Mmaasai. Mimi nilikuwa nimefunga mlango."

Hakuna aliyenipigia kelele. Ningependa wangenipigia. Wote walitazama chini, kama watu waliosikia mtu akijamba kanisani.

Jumamosi nikasikia kuimba. Nikatoka nje. Ni watu wale wale, na nyundo zile zile. Wewe ulikuwa bado kwa Yeyo ukipata nguvu. Walipanda juu wakang'oa misumari mmoja mmoja, wakashusha mabati yao na mbao zao, wakayapanga vizuri, wakayabeba. Kimeu alikuwa juu ya ukuta. Nilimwambia, "Kimeu, hata wewe?" Akasema, "Hiki ni kitu cha Jamaa, ndugu yangu," na hakunitazama. Wimbo ulikuwa ule wa siku ya kwanza.

Mama yako alitoka ndani na nguo zake kwenye beseni. Nilimshika mkono, nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimeona. Alinisikiliza. Halafu akasema, "Baba Mwende, imani yako ni nyembamba." Maneno yangu mwenyewe. Kabari zake zote niligonga mimi, na niligonga vizuri, kwa sababu mimi ni fundi. Akawafuata. Baadaye walihamia Kona Baridi, kwenye ploti iliyozungushiwa waya juu ya mteremko, na wako huko hadi leo.

Wewe nilikuambia ni upepo tena. Upepo wa Kitengela ni mwingi, uliniamini.

Mabati yaliyo juu ya kichwa chako nilinunua ya mitumba, nikayapiga peke yangu, wiki tatu, Yeyo akishika ngazi na kunitukana. "Wewe unapiga msumari ama unapiga mbu?" Ndiyo sababu yamepinda, na ndiyo sababu kona ya kitanda chako inavuja, na ndiyo sababu kila uliposema tuite watu waitengeneze nilikuwa nakuwa mkali. Unisamehe hilo tone. Lilikunyeshea miaka mingi kwa sababu baba yako aliogopa watu wenye nyundo.

Hapo pia nilikosea, na nisipokuambia utakosea kama mimi. Nilipotoka Jamaa niliapa sitahitaji mtu tena. Ni ujinga ule ule, umegeuzwa tu ndani nje. Anayekaa bila watu ndiye atakayelia siku ya kwanza wageni wakimbebea maji. Kwa hivyo sikuambii ukimbie watu, Mwende. Utakuwa mgeni Rombo, utahitaji watu. Pokea chakula chao. Imba nao kama wanaimba vizuri.

Nimekaa miaka mingi nikijiuliza ni nini sikukiona siku ile ya kwanza, na nadhani nimekipata. Mwethya wa kwetu ulikuwa na kelele. Wanawake wakichimba matuta walikuwa wakitukanana kutwa nzima. "Huyu anachimba ama anatafuta sindano?" Mamangu na jirani yake waligombana miaka ishirini juu ya jembe moja, na bado walichimba pamoja, na jirani huyo ndiye aliyemwosha mamangu alipokufa. Na mtu angeweza kusema, "Leo siji, mgongo unauma." Wangemsema, wangemwita mvivu, wangemwimba wimbo mbaya. Wiki ijayo yuko pale, na wimbo wameusahau.

Kwa Jamaa hakuna aliyegombana. Kwa muda wote niliokaa nao sikusikia mtu akimwambia mwenzake "umekosea wewe." Nilifikiri ni amani. Watu kumi na wanne, juu ya paa moja, jua kali, nyundo mkononi, na hakuna hata mmoja anayemtukana mwingine! Mtu wa kazi kama mimi alipaswa kujua hapo hapo kwamba kuna kitu kimewabana koo.

Basi kesho, hao watu wakija steji, wasalimie. Lakini lala kwenye ile nyumba ya wauguzi ya kliniki, hata kama ina kunguni. Wiki ya kwanza wakikuita waambie, "Asanteni, leo siji." Usieleze sababu. Usiseme mgongo unauma. Sema hivyo tu, halafu tazama nyuso zao. Wakikucheka, wakikukasirikia, wakikuita mringaji, hao ni watu, kaa nao. Wakinyamaza wote pamoja na kukuhurumia, beba sufuria yako uende. Ndiyo, utabeba sufuria. Nimeshaiweka kwenye begi, chini ya viatu, usiitoe.

Kuna jambo moja zaidi hulijui. Ile Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, ninapokuambia naenda kuangalia mawe ya mteja, huwa naenda Kona Baridi. Wananikataza kuingia, kwa hivyo nasimama nje ya waya, kwenye ule upepo, na napaza sauti. "Mama Mwende! Mtoto amepita mtihani!" "Mama Mwende! Mtoto amevaa nguo nyeupe ya hospitali!" Hanijibu. Kuna kijana wa langoni ambaye amenizoea. Mara ya mwisho alinicheka.

"Mzee, umerudi tena? Kwani wewe huchoki?"

"Nachoka," nikamwambia. "Hata machimboni nachoka. Na Jumatatu narudi."

Siku hiyo nilipaza sauti nikasema, "Mama Mwende! Mtoto anaenda Rombo!" Kulikuwa na mwanamke mbali huko anaanika nguo. Sikuona uso, lakini mabega yale nayajua. Alisimama. Alishika shuka lenye maji mikononi, halianiki, haliweki chini, maji yakimmwagikia miguuni, mpaka nilipomaliza kusema. Halafu akaanika.

Mwalimu anasema mimi ni mfu kwao. Basi watamwona mfu kila mwezi. Nitarudi mpaka magoti yakatae, na yakikataa nitaomba nibebwe. Na nataka ujue hivi, wewe unayeondoka: siku moja ukijikuta ndani ya kitu kama kile, ukaambiwa hutakiwi kunijua, usione aibu kwamba wewe ni msomi na umeingia. Aibu ndiyo waya wa ile ploti. Mimi nitakuja. Nitasimama nje popote palipo, nitapaza sauti mbele ya wote. Sitakuhubiria. Nitakuuliza kama umekula.

Nasikia sauti yako nje, unabishana na msusi wako Mama Kioko kwamba nywele zimebana sana, naye anakuambia kichwa chako ndicho kikubwa. Endeleeni. Nitaikunja hii niiweke ndani ya sufuria, na kesho ukiwa garini nitakupigia simu uitoe uisome kabla hujafika.

Ukishaisoma unaweza kunikasirikia. Piga simu unigombeze, nitashika simu mpaka umalize. Sisi ni watu wa kugombana.

Wako niliyekufungia njia, na leo nimeondoka mlangoni. Pita, mama.

Baba